Mgonjwa wa moyo, jino bovu litolewe

"Daktari, nina tatizo la vali na jino linaniuma. Nimeze kapsuli gani ili nisiling'oe?" Swali hili naulizwa kila kliniki, na wengi wanaoliuliza wameshajijibu dukani. Wamenunua amoksilini za siku mbili, maumivu yametulia, jino limebaki. Wameambiwa kwamba mwenye ugonjwa wa moyo haruhusiwi kung'oa jino. Si kweli, na imani hiyo inaua.

Ina chimbuko lake, ndiyo maana haifi. Mwaka 1935, Okell na Elliott wa Uingereza waliwapima damu watu waliotoka kung'olewa meno, wakakuta humo bakteria wa kinywani. Tangu hapo hofu yote ikaelekezwa kwenye koleo la daktari wa meno. Kilichosahaulika ni kwamba baadhi ya wenye fizi mbovu sana walikuwa na bakteria hao kwenye damu hata kabla jino halijaguswa. Kung'oa ni kazi ya dakika chache, mara moja. Fizi yenye usaha huingiza bakteria kwenye damu unapotafuna na unapopiga mswaki, mwaka mzima. Moyo ukiwa mzima, kinga ya mwili huwamaliza upesi. Vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, au vali ya bandia, huwapa pa kujishikiza na kuzaliana. Kwa hiyo jino bovu unaloliacha ili kuulinda moyo ndilo linaloushambulia.

Na kapsuli? Dawa unayomeza husafirishwa na damu, na kiini cha jino lililokufa hakifikiwi tena na damu. Uvimbe unapungua, chanzo kinabaki pale pale. Ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja.

Kuna baya zaidi. Bakteria wakishakaa kwenye vali, mgonjwa hupata homa ya kuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, hutoka jasho usiku, hukonda. Anapimwa malaria, anatibiwa taifodi, anaongeza kapsuli. Kila kapsuli inaua bakteria walio kwenye damu na kuwaacha waliojificha ndani ya vali. Anapofika kwetu tunaotesha damu yake maabara ili kuwatambua bakteria, na hakioti kitu. Hatujui tunapambana na bakteria gani, na vali inazidi kutoboka. Tiba yenyewe ni antibiotiki za mshipani kwa wiki 4 hadi 6, wakati mwingine na upasuaji juu yake. Hata hivyo wapo wanaofariki, na wapo wanaopooza kwa sababu kipande kimemeguka kwenye vali kikaziba mshipa wa ubongo. Inaniuma kuona haya yakianzia kwenye jino ambalo lingetolewa asubuhi moja.

Basi fanya hivi. Nenda kwa daktari wa meno aliyesajiliwa na umwambie habari za vali yako kabla hajachoma ganzi. Mwenye vali ya bandia, aliyewahi kupata maambukizi ya vali, au mwenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa nazo, anahitaji dozi moja ya kinga: kwa mtu mzima, kwa kawaida amoksilini gramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla. Dozi moja tu, si ya wiki. Penisilini inakudhuru? Sema, zipo dawa mbadala. Vali yako iliharibiwa na rumatiki? Muulize daktari wako wa moyo kama unaihitaji dozi hiyo. Sindano ya penisilini unayochomwa kila mwezi kwa ajili ya rumatiki haichukui nafasi yake. Unatumia warfarini? Usiiache kwa uamuzi wako, pima kwanza jinsi damu inavyoganda. Piga mswaki mara mbili kwa siku, hata fizi ikitoa damu. Meno yakaguliwe kila miezi 6, yakiuma yasiume.

Na ukiwa na tatizo la vali, homa ikivuka wiki bila sababu inayoeleweka, dai damu ioteshwe kabla hujameza antibiotiki yoyote.