CHAGUA MSUMENO UNAONOLEKA

Huku kwetu Iringa na Mbeya mbao hatuzifuati mbali. Mufindi kuna Shamba la Miti la Sao Hill. Rungwe kuna Shamba la Miti la Kiwira. Na wengi wetu tumepanda misindano yetu wenyewe. Basi mtu akiuza viazi au mahindi, hutaka kununua msumeno atengeneze mwenyewe mlango, kitanda au banda la kuku. Jambo hilo ni zuri. Lakini msumeno usiofaa hula fedha ya jasho bure.

Siku hizi madukani iko misumeno ya mkono ya namna mbili. Ukiitazama haraka, yote ni sawa. Tofauti iko kwenye meno.

Namna ya kwanza, ncha za meno ni nyeusi au za bluu. Meno hayo yamechomwa kiwandani yawe magumu sana. Hukata vizuri kwa muda mrefu. Lakini yakishakuwa butu, tupa haiyawezi, inateleza tu. Hapo msumeno umekwisha.

Namna ya pili, meno yana rangi moja na bapa lote. Haya hunoleka kwa tupa ya pembe tatu. Yakiwa butu unanoa, kazi inaendelea. Kwa sisi tulio mbali na duka, huu ndio unaofaa, hata kama bei imezidi kidogo. Tupa nayo uinunue siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, fanya hivi:

1. Tazama meno kwa juu. Moja lielekee kulia, linalofuata kushoto. Kama yote yamenyooka, msumeno utabanwa ndani ya ubao, hasa ubao mbichi.

2. Pinda bapa kidogo, kisha uliachie. Lisiponyooka tena, uache msumeno huo dukani.

3. Shika mpini. Ukicheza, na skrubu hazikazi, chukua mwingine.

4. Hesabu meno katika inchi moja. Meno 7 au 8 yanafaa kukata ubao kwa upana. Kwa kupasua ubao kwa urefu, yanatakiwa meno makubwa zaidi.

Je, ukitaka kukata pembe za fremu? Mashine ya umeme ipo, lakini kwa fremu chache ni gharama kubwa. Gongomea mbao tatu ziwe kama mfereji. Kata njia ya nyuzi 45 katika kuta zote mbili. Weka ubao ndani, msumeno ufuate njia hiyo. Vipande viwili vya nyuzi 45 vikiungana, unapata kona ya nyuzi 90.

Mwisho, msindano una utomvu unaoganda kwenye bapa. Ufute kwa mafuta ya taa, kisha paka mafuta mazito kuzuia kutu.

Maswali ya kujadiliana:
Msumeno ulio nyumbani kwako, ncha za meno yake zina rangi gani? Je, nani kijijini anajua kunoa, na nani angependa kujifunza kwake?