KUUZA NYUMBA YENYE WAPANGAJI

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelisikia likizungumzwa nyumbani wakati wa chakula cha usiku, lakini sidhani kama tumewahi kufunzwa darasani. Nalo ni hili: mwenye nyumba anapotaka kuuza nyumba yake ilhali ndani mna watu wanaoishi kwa kodi. Wengi wetu hapa shuleni ni watoto wa wapangaji. Wachache ni watoto wa wenye nyumba. Mimi niko pande zote mbili, maana nyumbani twapanga kule Changamwe, na upande wa mama kuna nyumba ya marehemu babu mtaa wa Majengo, Mombasa, iliyoanza kutafutiwa mnunuzi mwaka 2023 na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili. Ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, vitatu kila upande, na nyuma kuna uani wenye choo, jiko na kamba za kuanikia nguo. Chumba kimoja cha mbele kilitobolewa mlango wa barabarani kikawa duka, na vitano vilivyosalia vina wapangaji. Mmoja wao ni mzee fundi cherahani aliyeingia mwaka 1989, na kodi yake ilikuwa bado shilingi 2,200 kwa mwezi. Wenzake wanne walilipa 4,500 kila mmoja, na duka 8,000. Pesa zilihitajika kweli, kwa sababu bibi alikuwa akienda kliniki ya figo mara mbili kwa wiki, na dawa na nauli hazingoji. Mjomba alidhani kazi ni kumpata mnunuzi tu. Kumbe mambo bado!

Kwanza yafaa tuelewe kwamba kuuza nyumba hakuvunji upangaji. Watu hudhani ati siku nyumba inapouzwa wapangaji wote hufungasha virago. Sivyo. Mnunuzi hukaa pale alipokuwa mwenye nyumba wa zamani, akapokea kodi, na pia akachukua wajibu wote uliokuwako. Ikiwa hakuna mkataba wa maandishi na kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema notisi isipungue mwezi mmoja na iishe siku ya kulipa kodi. Mtu hawezi kuambiwa tarehe 10 aondoke tarehe 15.

Hapo ni kwa mpangaji wa kawaida. Yule mzee fundi alikuwa na ngao kubwa zaidi. Kuna sheria ya zamani, Sura ya 296, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa namna hiyo haondolewi bila amri ya baraza la kodi au mahakama, na ni lazima pawe na sababu mojawapo ya zile zilizoandikwa, kama vile kutolipa kodi au kuharibu nyumba. Kwamba mwenye nyumba anataka kuuza, hiyo peke yake haitoshi. Mwenye duka naye yuko chini ya sheria nyingine, Sura ya 301. Kwa kuwa hakuwa na mkataba wa maandishi, notisi yake ni miezi miwili au zaidi, tena kwa fomu maalumu, naye aweza kwenda kwenye baraza la kodi za biashara kabla ya siku hizo kwisha. Akienda, notisi husimama mpaka kesi iamuliwe. Basi hesabu mwenyewe, msomaji, ni muda gani huo.

Sasa njoo kwenye kuonyesha nyumba. Dalali huleta mtu leo, kesho humleta mwingine, na kila mmoja ataka kuona ndani. Katika chumba cha tatu alikaa mlinzi wa usiku, ambaye hulala mchana. Siku moja saa nne asubuhi dalali alisukuma mlango bila hodi, mgeni wake nyuma. Yule mlinzi aliamka, akajifunga kikoi, akasema, "Bwana, hapa ni kwangu mpaka mwisho wa mwezi. Hodi yako iko wapi?" Na alisema kweli, maana mpangaji analipia pia kukaa kwa utulivu. Mama aliingilia kati, akawakalisha wapangaji wote ukumbini, wakakubaliana kuwa wageni waje Jumamosi kuanzia saa tisa, na wapewe habari siku moja kabla. Tangu hapo hata ukumbi ulikuwa ukifagiliwa. Mimi naona mpangaji aliyekasirika aweza kuharibu biashara kuliko paa linalovuja, kwa kuwa mnunuzi humuuliza yeye kwanza juu ya maji na majirani.

Bei nayo hutegemea mnunuzi ni wa aina gani. Anayetaka nyumba ya kupangisha hufurahi kukuta watu tayari. Hupiga hesabu ya kodi. Ya babu ilikuwa 28,200 kwa mwezi, yaani 338,400 kwa mwaka. Anayetaka kuhamia mwenyewe, au kubomoa ajenge ghorofa, huitaka tupu. Wa kwanza aliyekuja alikuwa wa ghorofa. Alitoa bei nzuri, arubuni asilimia 10 na salio kwa siku 90 kama ilivyo desturi, ila sharti nyumba iwe tupu. Mjomba alikuwa karibu kutia sahihi. Wakili akamuuliza, "Je, mzee fundi asipotoka kwa siku hizo 90?" Kwani hapo muuzaji ndiye atakuwa amevunja mkataba. Pale barazani kuna mtu alimshauri ang'oe milango na kukata maji. Shangazi alimjibu papo hapo kwamba hata marehemu hangekubali, na sheria haikubali vilevile. Wengine hutumia njia ya kiungwana, humpa mpangaji kifuta jasho na pesa za mkokoteni ili ahame kwa hiari. Mzee fundi aliulizwa. Alisema, "Mwanangu, wateja wangu wote wako mtaa huu. Hizo pesa zitaisha, nao sitawapata."

Jambo lingine ni la Mombasa hasa. Nyumba nyingi za Majengo ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Kwa hiyo muuzaji wa nyumba naye ni mpangaji! Ilibidi mwenye kiwanja akubali kwanza, na warithi wote watie sahihi baada ya mirathi kupitia kwa Kadhi.

Lililoleta kelele zaidi lilikuwa dipoziti. Babu alizipokea, akazitumia, akafariki. Mpangaji akihama amdai nani? Wanne hawakuwa na risiti. Mzee fundi alikuwa nayo, ndani ya mkebe wa vifungo: shilingi 300, mwaka 1989. Mwishowe iliandikwa orodha ya kila mpangaji, kodi yake na dipoziti yake, wakatia sahihi wao, mjomba na mnunuzi, na jumla ikakatwa kwenye bei.

Mnunuzi huyo alikuwa mama mmoja muuza samaki aliyetaka nyumba ya kupangisha. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya bwana wa ghorofa, walakini hakutaka mtu atoke. Mwenye duka alipata mkataba wa maandishi, na mzee fundi bado alilipa 2,200. Makabidhiano yalifanyika tarehe 12 Mei 2024, kodi ya mwezi huo ikiwa imeshalipwa. Ikagawanywa kwa siku: mjomba akabaki na siku 12, yaani shilingi 10,916, na yule mama akapewa 17,284 za siku 19.