Log: Kumbukumbu Isiyongoja Mwisho wa Safari

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayotaja kumbukumbu, ni machache yaliyoenea katika kazi nyingi kama neno log. Nahodha, rubani wa ndege, mwalimu mkuu, dereva wa gari la serikali na fundi wa kompyuta wote hulitumia, lakini wafasiri wa Kiswahili, hasa wa programu za kompyuta, wamezoea kulifunika kwa neno moja pana, kumbukumbu, ambalo hubeba pia rejista, majalada, mihutasari ya vikao na hata maadhimisho ya marehemu. Kwa kufanya hivyo hupotea sifa inayoipa log thamani yake. Log ni mfululizo wa maingizo mafupi, kila ingizo likiwa na wakati wake, yanayoandikwa tukio linapotokea au mara tu baada yake, kwa mpangilio uleule wa kutokea, na ambayo hayaandikwi upya baadaye. Anayeandika hajui bado jambo litaishaje, na kutojua huko ndiko kunakoyafanya maandishi yake yaaminike kuliko taarifa iliyotungwa baada ya mambo kwisha.

Asili ya jina ni kipande halisi cha mti, kwani log kwa Kiingereza ni gogo. Katika karne ya 16 mabaharia wa Uingereza, ambao hawakuwa na njia ya uhakika ya kujua chombo kimekwenda umbali gani tangu nchi kavu ilipopotea machoni, walikuwa wakitupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kamba, na maelezo ya njia hiyo yamo katika kitabu cha ubaharia cha William Bourne kilichotoka mwaka 1574. Baadaye ubao huo ulichongwa kwa umbo la robo ya duara, ukatiwa risasi kwenye ukingo wake wa mviringo ili usimame wima majini na ubaki karibu na pale ulipoangukia, huku chombo kikisonga mbele na kamba ikifunguka kutoka kwenye gurudumu lililoshikwa na baharia aliyesimama tezini. Kamba ilikuwa na mafundo yaliyoachana kwa nafasi sawa. Baharia mwingine alipindua chupa ya mchanga uliomwagika kwa sekunde 28, na mchanga ulipokwisha kamba ilizuiwa, mafundo yaliyokwisha kupita mkononi yakahesabiwa. Vipimo vilipangwa kwa werevu mkubwa: mafundo yalipoachana kwa futi 47 na inchi 3, yaani takriban mita 14.4, kila fundo lililopita katika sekunde 28 lilimaanisha mwendo wa maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852, kwa saa. Ndiyo sababu mwendo wa meli na wa ndege hupimwa kwa mafundo hadi leo, ingawa kamba zenyewe zimekwisha kuachwa. Waswahili nao hawakuwa wageni wa kifaa hiki, kwani kamusi za zamani zimehifadhi neno batli kwa maana hiyohiyo ya kipimo cha mwendo wa chombo, na kitendo cha kukitupa majini kiliitwa kutia batli.

Hesabu iliyopatikana haikuwa na faida isipoandikwa pale pale. Katika meli za matanga mwenye zamu aliandika kwa chaki, kwenye ubao wa kukunja, saa, mafundo, pima zilizozidi juu ya fundo kamili, uelekeo wa dira na upepo, kisha kila siku maandishi hayo yakanakiliwa kwa wino katika daftari. Daftari hilo liliitwa logbook, yaani daftari la gogo, na kwa kadiri siku zilivyokwenda likafupishwa kuwa log, jina la kifaa likahamia kwenye maandishi yake. Umuhimu wake ulikuwa wa kufa na kupona, kwa sababu kabla ya saa za baharini za John Harrison, ambayo ya nne kati yake ilijaribiwa safarini kuanzia mwaka 1761, nahodha aliyekuwa katikati ya bahari hakuwa na njia nyepesi ya kujua amefika wapi kuelekea mashariki au magharibi, isipokuwa kwa kujumlisha mwendo, uelekeo na muda kutoka kwenye safu hizo. Saa moja iliyoachwa bila kuandikwa, au iliyojazwa baadaye kwa kubahatisha, ingeweza kuwapeleka watu mwambani.

Hapo ndipo ilipotoka adabu ya uandishi inayofuatwa hadi sasa. Kosa halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja unaoliacha likisomeka, marekebisho huandikwa kando, na aliyerekebisha hutia saini. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa kifupisho chake SOLAS, unazitaka meli za safari za kimataifa ziwe na kumbukumbu za uendeshaji zenye maelezo ya kutosha kuijenga upya safari nzima. Kipimo hicho kinafaa kwa log ya kazi yoyote, kwani mtu ambaye hakuwepo anapaswa kuisoma na kuweza kufuata yaliyotokea hatua kwa hatua.

Uaminifu huo umezaa faida ambazo waandishi wa kwanza hawakuzifikiria. Mmarekani Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini aliyekabidhiwa ghala lililojaa madaftari ya safari za zamani, aliyachambua na mwaka 1847 akaanza kuchapisha ramani za upepo na mikondo ya bahari zilizofupisha safari za meli nyingi. Mnamo mwaka 1853 nchi kadhaa zilikutana Brussels kukubaliana namna moja ya kuandika hali ya hewa katika madaftari ya meli. Katika miaka ya karibuni watafiti wa mradi wa Ulaya uitwao CLIWOC walikusanya madaftari ya meli za Hispania, Uholanzi, Uingereza na Ufaransa ya kati ya mwaka 1750 na 1850, wakayatumia kuchunguza tabianchi ya bahari katika enzi ambayo vituo vya hali ya hewa vilikuwa vichache mno. Baharia aliyeandika upepo wa asubuhi hakuwa na sababu ya kuipendelea nadharia yoyote ya tabianchi, na kwa hiyo ushahidi wake ni safi kwa namna ambayo mashahidi wachache huweza kuwa.

Neno lilipopanda nchi kavu lilibadilika kidogo kidogo. Kanuni za elimu za Uingereza za mwaka 1862 ziliwataka walimu wakuu wa shule zilizopata ruzuku waweke daftari la matukio lililoitwa log, na desturi hiyo ikafika katika shule za makoloni. Katika magari, mgawanyiko wa maana ni wa kuvutia. Nchini Tanzania, logibuku ya gari la ofisi ni daftari ambamo dereva huandika tarehe, kilomita za kuanzia na za kuishia, mahali alikokwenda, sababu ya safari na saini ya aliyeidhinisha, jambo linaloliweka karibu sana na daftari la nahodha. Nchini Kenya, logibuku ni hati inayomtaja mmiliki wa gari, hati ambayo Mtanzania huiita kadi ya gari, na ndiyo inayowekwa rehani na anayechukua mkopo kwa dhamana ya gari lake. Matumizi hayo ya Kenya yalirithiwa kutoka Uingereza, ambako kitabu cha usajili kilichoanza baada ya sheria ya barabara ya mwaka 1920 kilikuwa na nafasi za kuandika wamiliki waliofuatana. Jina limebaki wakati sifa ya mfululizo imefifia, na kwa maana ya kitaalamu hati hiyo sasa ni cheti cha usajili zaidi kuliko log.

Katika kompyuta neno limepata uwanja mpana kuliko baharini. Kiungo kati ya enzi hizo mbili kinaweza kuonekana kwa macho katika jumba la makumbusho la Smithsonian nchini Marekani, nalo ni daftari la wahudumu wa mashine ya Mark II, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Harvard kwa ajili ya jeshi la majini, ambamo mnamo Septemba 9, 1947, kwenye mstari wa saa 15:45, pamebandikwa kwa utepe nondo halisi aliyekutwa amenasa katika swichi namba 70 na kusababisha hitilafu. Baadaye mashine zilianza kujiandikia zenyewe. Mifumo iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja katika miaka ya 1960 ilihitaji kujua nani ameingia na kwa muda gani, ndipo ikazaliwa amri ya login, ambayo Kiswahili huitafsiri vyema kwa kitenzi kuingia. Ifahamike pia kwamba log ya wanahisabati haina undugu na gogo hata kidogo, kwa kuwa ni ufupisho wa logarithimu, jina lililoundwa kwa Kigiriki na John Napier, aliyechapisha kazi yake mwaka 1614.

Mstari wa kawaida wa log ya kompyuta, kwa mfano wa kubuni, husomeka hivi: 2024-03-11T06:12:09Z, kuingia kumeshindikana, mtumiaji hasibu02, kutoka 10.0.4.17. Herufi Z mwishoni mwa wakati huashiria saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu; kwa hiyo tukio hili lilitokea saa 09:12 kwa saa ya ukutani Nairobi au Dodoma, nayo kwa mazungumzo ya Kiswahili ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Anayechunguza wizi wa fedha akichanganya hesabu hizo tatu anaweza kumtuhumu mtu aliyekuwa bado hajafika kazini.

Hifadhidata za benki huonyesha maana ya log kwa ukamilifu zaidi. Salio la mteja ni kumbukumbu inayobadilishwa kila muamala unapopita, na salio la jana halionekani tena ndani yake; log ya miamala, kinyume chake, huongezwa tu mwishoni. Kanuni inayotumika ni kuandika kwanza katika log jambo linalokusudiwa, kuhakikisha limehifadhiwa katika diski, na ndipo muamala ukathibitishwa na salio katika majedwali likabadilishwa. Umeme ukikatika fedha zikiwa zimetolewa akaunti moja na hazijaingia nyingine, mfumo ukiwashwa tena huisoma log, hukamilisha miamala iliyothibitishwa na kuitangua iliyoishia njiani. Kwa hiyo log ndiyo chanzo cha ukweli, na salio ni muhtasari wake.

Mahakama nazo hupima uaminifu huo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya huruhusu kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini huangalia zilitengenezwaje na zilitunzwaje. Upande wa pili, log inaweza kujaa mambo ya faragha, kama vile anwani za watumiaji na nyendo zao, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazimwachi mwenye mfumo azikusanye bila sababu au kuzihifadhi bila kikomo. Nywila haipaswi kuandikwa humo hata mara moja. Na kwa kuwa mvamizi aliyepata mamlaka ya msimamizi hukimbilia kufuta nyayo zake, mafundi makini hupeleka nakala ya kila mstari, papo hapo unapoandikwa, kwenye mashine nyingine ambayo msimamizi wa mashine ya kwanza hana ruhusa ya kuigusa.