Okapi wa Epulu: Utunzaji wa Mnyama wa Msituni

Okapi ni mnyama anayepatikana porini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee. Milia ya miguu yake iliwapotosha wataalamu wa Ulaya: mwaka 1901 walimweka kwanza katika jamii ya punda milia, hadi fuvu lake lilipodhihirisha kuwa ni ndugu wa twiga. Jina lenyewe limetoka vinywani mwa wenyeji wa Ituri, waliomfahamu tangu kale.

Hata hivyo, kumfahamu mnyama si sawa na kuweza kumfuga. Okapi aliyepelekwa katika bustani ya wanyama ya Antwerp mwaka 1919 aliishi huko siku zipatazo 50 tu. Ugumu wa kumtunza unatokana na desturi zake. Msituni okapi hutembea peke yake, akila majani ya mimea ya aina zaidi ya 100. Ndani ya ua hulazimika kula karibu na kinyesi chake, na hivyo minyoo humwingia kwa urahisi. Kwa hiyo usafi wa kila siku ni sharti la uhai wake, sawa na chakula.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliweka kituo cha kunasa okapi kando ya mto Epulu. Wanyama walinaswa kwa mashimo yaliyochimbwa katika mapito yao na kufunikwa matawi. Wakiwa kituoni, walilishwa majani mabichi yaliyochumwa msituni na watu waliojua vema mimea ipendwayo na okapi. Ujuzi huo wa wenyeji ndio uliokuwa nguzo ya kazi yote.

Ndama naye ana masharti yake. Huzaliwa baada ya mimba ya miezi 14 au zaidi, kisha hujificha mahali pamoja kwa muda wa miezi miwili hivi. Katika majuma ya kwanza hatoi kinyesi, jambo linalodhaniwa kumficha asinuswe na chui. Mtunzaji asiyelijua hilo angemdhania mgonjwa na kumsumbua bure.

Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Lakini tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo walikishambulia kituo cha Epulu. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi wa hifadhi, na okapi wote 14 waliokuwa kituoni wakaangamia.

Leo vizazi vya okapi walionaswa Epulu huishi katika bustani za Ulaya na Marekani, na Antwerp ndiyo inayotunza daftari la nasaba zao ili ndugu wasizaliane. Ua uliweza kumkinga okapi na chui, na usafi ukamkinga na minyoo. Dhidi ya bunduki havikumfaa kitu. Usalama wa mnyama hautenganiki na usalama wa wanaomtunza.