Kabla ya Kisumu, Mjini Palikuwa kwa Mumia

Hebu soma tena jina la mji wa Mumias, polepole. Hiyo "s" ya mwisho imetoka wapi? Si ya Kiluhya, na neno la Kiswahili haliishi hivyo. Ni "s" ya Kiingereza ya kumiliki: mahali pa Mumia. Kabla Mzungu hajaibandika, wapagazi na wafanyabiashara wa pwani walipaita Kwa Sundu, maana ndimi zao zilishindwa kumtamka Shiundu, babake Mumia. Wenyeji nao walipaita Elureko, na bado wanapaita hivyo. Mji mmoja, majina matatu, na ukiyafuata moja moja utajua ni akina nani walikuwa wakipita hapo.

Kama umekulia Kondele, Nyalenda au Milimani, huenda Mumias unaijua kwa sukari tu: kampuni iliyoanzishwa 1971, ikawa jina kubwa la sukari nchini, kisha 2019 ikawekwa chini ya mrasimu kwa ajili ya madeni. Sawa. Lakini kabla ya miwa, na kabla ya Kisumu kuwa Kisumu hii unayoijua, mjini ni kule. Ukitoka pwani kwenda Buganda ulipitia pale. Ukitaka chakula cha msafara, pembe za ndovu au habari za njia iliyo mbele, ulikwenda kumwona Nabongo.

Nabongo ni cheo cha mfalme wa Wawanga, na ukoo unaotoa Nabongo ni Abashitsetse. Masimulizi yao yanasema babu yao, Wanga, aligombana na ndugu yake Murono akahama, akafika katika nchi ya mtawala aitwaye Muima, akakaa kwake kama mtu wa kawaida huku ameficha bangili ya shaba aliyorithi. Bangili hiyo, omukasa, ndiyo alama ya ufalme. Siku ilipoonekana mkononi mwake, mambo yakabadilika, na mgeni akawa mwenye nchi. Kama ni hadithi tupu au la, wewe amua. Jambo la uhakika ni kwamba watu wengi wa upande huu wa ziwa walitawaliwa na wazee wa koo tu. Wawanga walikuwa na mfalme, walinzi, wakuu wa koo waliowajibika kwake, na utaratibu wa kurithishana madaraka.

Mumia alishika ufalme mwaka 1882, baada ya Shiundu kufa. Mwaka uliofuata akafika Joseph Thomson, Mskoti aliyekatiza nchi ya Wamaasai kwa miguu. Mwaka 1885 akafika Askofu James Hannington, akapokelewa vizuri, akaendelea na safari. Aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Halafu kuna kisa cha 1890, ambacho sijui kwa nini hakijawahi kufanywa filamu. Mwingereza Frederick Jackson alikuwa amepiga kambi kwa Mumia, kisha akaenda kuwinda ndovu upande wa Mlima Elgon. Akiwa hayupo, akatokea Mjerumani Carl Peters. Kambini akakuta barua za Jackson kutoka Buganda. Akazifungua, akazisoma zote. Leo tungesema kaingia DM za mwenzake. Alipojua kwamba Kabaka Mwanga alikuwa anatafuta msaada wa Wazungu, akafunga virago haraka akaenda kutia sahihi mkataba kwa niaba ya Ujerumani. Mkataba wenyewe haukumfaa kitu: Julai mwaka huo huo London na Berlin ziligawana eneo hili zenyewe, na Uganda ikaangukia Waingereza. Lakini fikiria, mbio za kugombania chanzo cha Mto Nile zilipita katika boma la Mumia, na yeye amekaa hapo hapo akiwatazama.

Sasa twende kwa lile swali la historia unalolikumbuka kutoka shuleni: kwa nini Mumia alishirikiana na Waingereza? Ulikariri majibu ukapata alama zako. Shida ni kwamba neno "kushirikiana" linamfanya aonekane mtu aliyeamka asubuhi akaamua kuuza jirani zake. Tazama hali yake kwanza. Upande wa kusini, Wajaluo wa Ugenya walikuwa wanamsukuma vibaya, vita baada ya vita. Upande wa kaskazini kulikuwa na Wabukusu ndani ya ngome zao. Shiundu mwenyewe alikuwa amezoea kukodi wapiganaji wa Kimaasai. Wageni wa pwani walileta bunduki. Mwingereza, kwa hesabu za Mumia, alikuwa mgeni mwingine mwenye bunduki, na kukaribisha wageni wenye bunduki ndiyo biashara iliyoujenga mji wake.

Hesabu hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa ni wengine. Mwaka 1894 Waingereza walianzisha kituo chao Mumias, na 1895 C. W. Hobley akaja kukiongoza. Mwaka huo huo wapiganaji wa Mumia waliandamana na majeshi ya Waingereza kuwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Baadaye kidogo zamu ikawa ya Ugenya. Kisha Wawanga wakapelekwa kutawala watu ambao Nabongo hakuwahi kuwatawala. Mulama, ndugu ya Mumia, akawekwa kuwa chifu wa Wamarama. Murunga, ndugu mwingine, akapewa Wabukusu. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa Bungoma au Ugenya akilitaja jina la Mumia kwa uchungu, usidhani ni ukabila tu. Mtu aliyekuja kukusanya kodi nyumbani kwa babu yake alitoka Wanga.

Mwingereza hakuibuni mbinu hii Mumias. Alikuwa ameizoea India, ambako hadi 1947 kulikuwa na watawala zaidi ya 500, wengine na vinchi visivyofika ukubwa wa kaunti moja, kila mmoja akiachiwa kiti na heshima zake mradi amsikilize mshauri wa Kiingereza aliyekaa pembeni. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India hiyo kujenga reli ya Uganda, na waliowafuata kuja kufungua maduka Kisumu walijua vizuri maana ya mfalme aliye chini ya mwingine. Tofauti ni kwamba maharaja alikuwa na mkataba, jumba, na mizinga ya kumsalimia. Mumia alipewa cheo na mshahara wa serikali. Mshahara unaweza kusimamishwa.

Na hapo ndipo Kisumu inapoingia. Upimaji wa reli wa 1892 ulikuwa umelenga Port Victoria, kwenye ufuo wa Busia ya leo, njia ya upande wa Mumia. Kama ingejengwa hivyo, leo labda wewe ndiye ungekuwa unasafiri kwenda mjini Mumias kutafuta kazi. Lakini wahandisi wakaona kwamba wakiteremka bonde la Nyando watalifikia ziwa mapema na kuokoa maili nyingi. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ufuoni mwa Kisumu, na pahali hapo pakaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mkewe mhandisi. Kuanzia hapo mzigo wa Uganda ukawa unapanda meli. Hakuna aliyehitaji tena kutembea hadi Elureko kuomba unga. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, mpaka ukasogezwa, na Kisumu na Mumias, ambazo hadi siku hiyo zilihesabiwa kuwa Uganda, zikaingizwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Ukifuata miaka yake kutoka hapo utaona mtu anayepandishwa cheo huku anaporwa kazi. Mwaka 1909 alitangazwa kuwa chifu mkuu, ngazi ya juu kabisa kwa Mwafrika katika serikali ile. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mwaka 1926 akastaafishwa. Kwa Wawanga alibaki kuwa Nabongo, kwa sababu unabongo hautolewi na ofisi na ofisi haiwezi kuuchukua. Kwa serikali alikuwa mzee wa pensheni. Mimi simwiti msaliti wala shujaa. Alikuwa mwenyeji aliyeijua sana kazi ya kupokea wageni, mpaka wageni wakapata mlango mwingine.

Kitu kimoja cha zama za misafara hakikuondoka. Wageni wa pwani walikuja na Uislamu, familia ya Mumia ikaupokea, na mpaka leo ukiwa Mumias saa ya adhuhuri utasikia adhana kabla hujasikia honi za matatu. Mwanawe Shitawa alirithi kiti, na 1974 kikaenda kwa Peter Mumia wa Pili. Katiba haimpi Nabongo mamlaka yoyote, lakini mwanasiasa wa magharibi anayetafuta kura za Wawanga anajua boma la kupitia kwanza.

Makaburi ya wafalme yako Matungu, si mbali na mji. Ukitaka kwenda kutoka Kisumu, nyoosha kupitia Maseno, Luanda na Yala mpaka Butere. Hii ndiyo njia ya tawi la reli lililokamilika 1930. Reli iliishia hapo Butere, na mpaka leo inaishia hapo. Elureko ni mwendo wa bodaboda tu kutoka stesheni. Mumia alikuwa bado hai treni ya kwanza ilipofika Butere, na aliishi karibu miaka 19 mingine, hadi Aprili 1949.