Panda ngogwe za asili, ila usiache vidonge

Kama una kisukari, huenda jirani ameshakwambia kwamba nyanya chungu, au ngogwe kama wengi tunavyoziita, zinashusha sukari kuliko dawa ya hospitali. Wapo wanaozisaga mbichi, wanakunywa kila asubuhi, halafu wanaacha vidonge. Naanza hapo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Uchungu peke yake si dawa. Ngogwe zinakufaa kwa sababu ya kawaida kabisa: sehemu kubwa ni maji, zina nyuzinyuzi na wanga kidogo. Ukijaza nusu ya sahani mboga kama hizi, ugali unapungua wenyewe. Vidonge endelea navyo. Sukari ikishuka, mweleze daktari. Yeye ndiye wa kupunguza dozi, si wewe wala jirani.

Sasa zipande. Miche minne au mitano inatosha familia, na kama umepanga, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inafaa. Sia mbegu kitaluni, hamisha miche baada ya wiki tano hivi, acha sentimita 60 kati ya mche na mche. Mwagilia bila kukatisha, maana mche ukipata kiu matunda yake huzidi uchungu. Chuma yakiwa bado meupe au ya kijani, ngozi inang'aa.

Uzuri wa mbegu ya asili ni kwamba huinunui kila msimu. Acha matunda mawili kwenye mche bora hadi yawe mekundu, yaponde ndani ya maji, chukua mbegu zilizozama, zianike kivulini. Ukifanya hivyo kwa mbegu ya chotara, usishangae kupata matunda tofauti na ya mwanzo.

Mzazi, hapa nisikilize vizuri. Pembeni mwa bustani mara nyingi huota ndulele, ndugu wa ngogwe mwenye miiba, ua la zambarau na tunda linaloiva likawa la njano. Lina sumu, na kwa mtoto linaonekana kama kampira. Ngogwe ikiiva ni nyekundu. Ng'oa ndulele zote. Mtoto akila, usimlazimishe kutapika wala usisubiri aanze kuumwa tumbo. Mpeleke kituo cha afya mara moja na ubebe tunda lenyewe.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula ngogwe changa zilizomenywa, zikachemshwa hadi kulainika na kupondwa, bila chumvi. Akitema leo, mpe tena kidogo baada ya siku mbili tatu. Watoto wengi huzoea ladha polepole.

Kwa wenye presha, tatizo kwa kawaida huwa kwenye kile tunachopikia. Dagaa wa chumvi waloweke na umwage maji kabla ya kuwachanganya na ngogwe, wala usiongeze chumvi nyingine. Badala ya mafuta mengi, tumia nyanya, kitunguu na karanga kidogo za kusaga.