Kiluwiluwi na Rovu

Nani asiyemjua chura? Lakini ni wachache waliomtazama kiluwiluwi akigeuka: miguu inachipuka, mkia unapunguka, kisha anaruka nchi kavu. Nani anamwamuru kugeuka? Ni tezi ndogo ya kooni, mfano wa ile tuliyo nayo sisi watu.

Mwaka 1912 Bwana Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya koo ya wanyama. Wakageuka vyura upesi mno, wangali wadogo sana. Baadaye wenye elimu wengine waliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo. Hao wakazidi kunenepa majini, wala hawakugeuka kamwe.

Tezi hiyo hutengeneza homoni kwa yodi. Homoni ndiyo inayoleta miguu ya kiluwiluwi. Kwetu watu inasaidia kujenga ubongo wa mtoto tangu tumboni mwa mamaye. Homoni ikipunguka, amri hutoka kichwani: tezi, fanya kazi zaidi! Tezi hujikaza hata ikavimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, waganga kutoka Ubelgiji walichunguza jambo hili miaka ya 1960. Yodi ilikuwa haba kisiwani pote. Lakini rovu lilizidi sana upande wa kaskazini kuliko kusini. Basi kulikuwa na sababu nyingine tena. Waliitafuta katika chakula, wakaiona katika mihogo isiyorowekwa vizuri: sumu yake ikigeuka mwilini huizuia yodi isiingie katika tezi.

Sasa tufikiri: ikiwa mihogo yaweza kufanya hivyo, je, dawa nyingi za viwanda na za mashamba? Kwa kuzipima, shirika la OECD lilikubali mwaka 2009 jaribio la viluwiluwi. Ndivyo linavyofanyika:

1. Huchaguliwa viluwiluwi wa chura wa maji wa Afrika ya Kusini, ambao miguu yao ya nyuma inaanza tu kuchipuka.

2. Wengine huwekwa katika maji safi, wengine katika maji yenye dawa, kwa vipimo vitatu mbalimbali.

3. Siku ya 7 na siku ya 21 hupimwa urefu wa miguu na kadiri walivyogeuka. Mwishoni tezi hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa mikroskopi.

Kwa nini kutazama tezi? Kwa sababu kiluwiluwi aweza kuchelewa kwa ugonjwa mwingine tu. Lakini akitiwa katika maji yenye perklorati, chumvi inayoizuia yodi, tezi yake huvimba: naye amepata rovu!

Lakini tusikosee. Kiluwiluwi si mtu. Jaribio hili halionyeshi ni kadiri gani ya dawa itamdhuru mtoto. Linasema tu: hapa pana hatari, chunguzeni zaidi. Ni afadhali onyo hilo litoke chomboni mwa viluwiluwi kuliko shingoni mwa mama, au katika akili ya mtoto wake.